Kabla hujaing'oa redio iliyokuja na gari

Redio nyingi za kiwandani zinazong'olewa kwenye magari hapa Tanga ni nzima. Nasema hivyo kwa sababu nimekulia karibu na kazi hii, na kwa sababu ninazo kadhaa sandukuni nyumbani Makorora, zimetolewa kwenye Corolla na Carina za watu waliokwisha kununua redio za skrini. Ukiiweka moja mezani, ukaipa umeme wa betri ya volti 12, ukaichomekea spika, inaimba. Ugonjwa ulikuwa garini: fyuzi, waya uliokatikia ndani, ethi (waya wa kurudisha umeme kwenye bodi ya gari) iliyoliwa na kutu, eriali iliyooza. Mwenye gari akalipia redio mpya, ugonjwa ukabaki palepale, na baada ya muda redio mpya nayo ikaanza kukatakata.

Naandika kwa ajili ya mwenye gari la Kijapani la miaka ya 1990 ambalo bado lina redio yake ya asili, ile iliyokaa sawasawa na dashibodi, vitufe vyake vinawaka rangi ileile ya taa za mita. Redio zile zilitengenezwa na watu walioijua kazi. Nyingi za Toyota zilitoka kwa Fujitsu Ten, kampuni ya Kobe ambayo tangu 2017 inaitwa Denso Ten. Ukiifungua unakuta bodi nzito ya saketi, risasi iliyochomwa safi, na bati nene nyuma la kupoza moto. Kitu cha namna hiyo hakistahili kutupwa kabla hakijapimwa.

Ami yangu anakaa Sahare, karibu kabisa na bahari, na Carina Ti yake hulala nje. Mwaka jana baada ya masika alinipigia simu nikaenda.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu. Hii redio imekufa. Nimeambiwa nitafute nyingine."

"Imekufa vipi ami? Haiwaki kabisa, au inawaka haisemi?"

Akafikiri. "Inawaka. Ila kila asubuhi nakuta saa imerudi saa saba kamili, na stesheni nilizoweka zimefutika. Nikishika njia ya Pangani, nikipiga tuta, inazimika halafu inawaka. Na huu mlango wangu hauimbi kabisa."

Hapo alikuwa ameshataja magonjwa matatu, na hakuna hata moja lililokuwa ndani ya redio. Fundi aliyemwambia anunue nyingine hakumuuliza swali hilo. Ndiyo maana nasisitiza: kabla ya bisibisi, kaa garini, washa, zima, piga tuta, fungua mlango, funga, ongeza sauti, punguza. Andika unachokiona. Redio isiyowaka kabisa, redio inayosahau, redio inayowaka bila sauti na redio yenye sauti upande mmoja ni kesi nne tofauti, kila moja na mlango wake wa kuingilia.

Tuanze na kusahau, maana hapo ndipo watu wengi wanapotapeliwa. Redio ya gari inalishwa na nyaya mbili za umeme. Mmoja una umeme saa zote, hata ufunguo ukiwa mfukoni. Huo ndio unaotunza saa na stesheni. Wa pili unapata umeme ukizungusha swichi hatua ya kwanza, na kazi yake ni kuiamsha redio. Kwenye Toyota nyingi za enzi hizo, soketi kubwa nyuma ya redio ina matundu 10. Waya wa bluu wenye mstari wa njano ni umeme wa kudumu, kijivu ni wa swichi, kahawia ni ethi, kijani ni wa taa za vitufe. Soketi ya pili, ya matundu 6, inahudumia spika za nyuma. Hata ukizijua rangi, pima kwanza ndipo uamini, kwa sababu gari la miaka ishirini na zaidi limeshapita mikono mingi.

Umeme wa kudumu kwenye magari hayo kwa kawaida unapita kwenye fyuzi iliyoandikwa DOME, mara nyingi chini ya boneti, na fyuzi hiyohiyo ndiyo inayowasha taa ya darini. Kwa hiyo kipimo cha kwanza hakina gharama: fungua mlango, tazama juu. Taa ya darini haiwaki na saa imefutika? Fyuzi imeungua. Taa inawaka vizuri lakini redio inasahau? Tatizo liko kati ya fyuzi na soketi ya redio. Ya ami ilikuwa inawaka hafifu, rangi ya njano, na ukiugonga mlango inapepesa.

Nikaichomoa fyuzi ile. Kwa macho ilikuwa nzima, uzi wake haujakatika. Lakini miguu yake miwili ilikuwa imeota ukungu wa kijani, ule wa shaba iliyokutana na chumvi, na ndani ya tundu lake kijani hicho kilikuwa kimejaa mpaka huoni chuma. Anayekaa Sahare au Raskazone anakijua. Kaskazi ikivuma inaleta, kusi ikivuma inaleta, na gari linalolala nje linapokea kila usiku.

Hapa kuna jambo ambalo mafundi wengi wenye mita nzuri ya kupimia umeme hulikosea. Ukiweka mita kwenye tundu bovu kama lile, itakuonyesha volti 12 na pointi, nawe utasema umeme upo. Mita hainywi umeme karibu wowote, kwa hiyo hata njia nyembamba ya kutu inaitosha kusoma. Redio ikianza kuvuta ampea zake, zile volti zinaporomoka. Ni kama bomba lililoziba: ukifungua koki kidogo linatiririka, ukifungua yote linakauka. Dawa yake ni kupima kwa mzigo. Chukua balbu ya indiketa ya wati 21, iunge nyaya mbili, uiguse pale inapopaswa kupata umeme. Balbu hiyo inavuta karibu ampea 1.75. Ikiwaka nyeupe kali, njia ni nzima. Ikiwaka njano na kusinzia, umempata mwizi. Balbu hii ni bei ya soda, na kwa kazi ya redio naithamini kuliko mita.

Nikasugua tundu kwa msasa laini uliokunjwa, nikapuliza, nikaweka fyuzi mpya ya ampea zilezile zilizoandikwa kwenye kifuniko cha boksi. Nasema zilezile kwa sababu nimewahi kukuta fyuzi ya 30 pahali pa 15, na hata uzi wa waya uliosokotwa. Fyuzi ipo ili ife yenyewe kabla waya haujawaka moto nyuma ya dashibodi. Ukiiongeza, umeondoa ulinzi wote.

Kama stesheni zinafutika pale tu unapopiga stata, usiende nyuma ya redio hata kidogo. Pima betri. Ikiwa imejaa na imepumzika inasoma karibu volti 12.6, na injini ikinguruma alteneta inapaswa kuipandisha mpaka kati ya 13.8 na 14.4. Betri iliyochoka huanguka sana stata inapovuta, na redio inazimika kwa sekunde ile. Vichwa vya betri vyenye unga mweupe hufanya vivyo hivyo. Viondoe, vimwagie maji ya moto, visugue, vikaze.

Kuzimika kwenye matuta kulikuwa ni ethi. Ili kuufikia waya wake lazima redio itoke, nayo haitoki kwa kuvutwa. Fremu ya plastiki inayozunguka redio imeshikwa na klipu. Ichomoe taratibu kwa kitu cha plastiki au bisibisi bapa iliyofungwa kitambaa, ukianzia chini. Nyuma yake utaona bolti za namba 10, kwa kawaida mbili kila upande. Zikitoka, redio inakuja mbele pamoja na vyuma vyake vya pembeni. Toa kwanza kichwa cha hasi cha betri, na kama redio yako ni ya zile zinazodai namba ya siri baada ya kukosa umeme, hakikisha unayo namba hiyo kabla hujagusa betri.

Waya wa kahawia wa gari la ami ulikuwa umekazwa kwenye bodi ya gari kwa skrubu iliyolegea, na chini yake kutu. Ethi ikilegea, redio haifi moja kwa moja, inatafuta njia nyingine: kupitia vyuma vya pembeni, au kupitia ganda la waya wa eriali. Ndipo unaposikia ule mlio mwembamba unaopanda na kushuka kadiri unavyokanyaga mafuta. Watu wananunua vichujio vya kelele kuutibu mlio huo. Safisha ethi kwanza, mpaka chuma king'ae, kaza, paka grisi kidogo juu yake ili chumvi isirudi haraka. Kwa ami mlio ulikwisha na matuta ya njia ya Pangani hayakuizima tena.

Sasa spika, na hapa naomba usome polepole, kwa sababu hapa ndipo redio nzima huuawa na binadamu.

Kila spika ina nyaya mbili zake peke yake. Kwenye redio hizi, hasi ya spika si ethi. Aisii (IC), kile kijisehemu ndani ya redio kinachokuza sauti, inausukuma waya mmoja na kuuvuta mwingine kwa zamu, na zote mbili, redio ikiwa imewashwa, zina karibu volti 6 ukizipima dhidi ya bodi ya gari, yaani nusu ya betri. Fundi anayeunga hasi za spika zote pamoja, au anayezipeleka kwenye bodi ili kuokoa waya, anashoti aisii hiyo. Wakati mwingine inajizima kujilinda, wakati mwingine inaungua moja kwa moja.

Lakini kipimo kinatoka humohumo. Washa redio, punguza sauti mpaka mwisho, weka mita kwenye volti, mguu mweusi kwenye bodi, na mguu mwekundu upite kwenye nyaya zote nane za spika. Zote zikisoma karibu 6, aisii yako ina uhai. Ikiwa mmoja unasoma 0 au 12 na wenzake wanasoma 6, chaneli hiyo ina tatizo, au waya wake umegusa bodi mahali fulani. Chomoa soketi, pima waya dhidi ya bodi kwa omu: pasiwe na mawasiliano kabisa. Kisha pima waya na mwenzake wa spika ileile: spika ya omu 4 inasoma 3 na kitu hivi. Isiposoma chochote, njia imekatika. Ukikosa mita, chukua betri ndogo ya tochi ya volti 1.5, gusisha nyaya mbili kwa nukta moja, soketi ikiwa imechomolewa. Spika nzima inasema "tak". Iliyokatika inanyamaza.

Mlango wa ami ulinyamaza. Nikafungua kadibodi ya mlango, nikagusisha betri kwenye spika yenyewe: tak. Kwa hiyo spika nzima, waya ndio umekatika, na waya wa mlangoni unakatikia karibu kila mara mahali pamoja: ndani ya ule mpira uliokunjamana kati ya mlango na bodi. Kila ukifungua na kufunga mlango, waya unajikunja palepale, miaka na miaka. Nikauvuta mpira nikausogeza. Nyaya zilionekana nzima, ganda halijapasuka popote. Nikazipapasa moja moja kwa kidole gumba. Wa kijani hafifu, chanya ya spika ya mbele kulia kwenye Toyota, yaani upande wa dereva, ulikunjika kwa ulaini kuliko wenzake. Nikauchana ganda: shaba ndani imekatika, ncha zake zimegeuka unga wa kijani. Nikakata mpaka nikaikuta shaba nyekundu, nikaongeza kipande, nikachoma kwa risasi, nikafunika kwa mpira wa kusinyaa. Usiunge kwa kusokota na tepu nyeusi mahali hapo. Kwa joto la Tanga gundi ya tepu inayeyuka na ile jointi itajifungua yenyewe.

Na ukishafungua kadibodi ya mlango, tazama kama ile nailoni iliyogundishwa nyuma yake bado ipo. Mafundi wa vioo huichana wakaitupa. Maji ya mvua yanayoteremka kwenye kioo hupita ndani ya mlango na kutokea matundu ya chini. Nailoni ndiyo inayoyazuia yasije upande wa spika. Bila hiyo, spika ya karatasi inaloa kila masika, inavimba, inakwaruza, na mwenye gari anaambiwa redio imechoka. Nailoni nzito ya kawaida na gundi nzuri inatosha.

Sasa niseme ninaloliona kuwa dhambi kubwa kwenye kazi hii: kukata soketi. Mteja analeta redio mpya, fundi anachukua plasi, anakata zile soketi mbili za Toyota, anaanza kusokota rangi kwa rangi kwa kubahatisha. Kuanzia siku hiyo hakuna redio itakayorudi kwenye gari lile bila mateso. Wengine huunga waya wa kudumu na wa swichi pamoja kwa kuwa "zote ni moto", redio inakesha macho, na Jumatatu gari haliwaki. Gari lililozimwa likiwa na afya halipaswi kuvuta zaidi ya miliampea 50 hivi kwa jumla. Soketi za kubadilishia zinauzwa tayari, upande mmoja wa Toyota na upande wa pili wa redio mpya. Zidai. Kama fundi hana, mwambie utazitafuta mwenyewe kisha urudi. Ni gari lako, una haki ya kusema soketi isikatwe.

FM ina hadithi yake, na watu wengi huichukulia kama ugonjwa. Redio ya Japani inaishia megahezi 90, wakati stesheni zetu zinapanda mpaka 108. Sababu ni kwamba Wajapani walizipa chaneli 1 hadi 3 za televisheni masafa ya 90 hadi 108, kwa hiyo redio yao ya FM ikakaa 76 hadi 90. Televisheni ya analojia ilipozimwa huko, sehemu kubwa ya nchi mwezi Julai 2011, ndipo baadaye wakaiongeza FM mpaka 95. Gari la 1998 halijui hayo yote. Masafa ya kati, yaani AM, hayana shida hiyo: Japani na sisi tunapanga stesheni kwa hatua zilezile za kilohezi 9.

Ndiyo maana kuna kile kiboksi kidogo kinachokaa kati ya eriali na redio, ekspanda. Kinashusha masafa kwa kiasi maalumu. Kikishusha kwa 14, stesheni ya 100.0 utaikuta kwenye 86.0. Kiboksi hiki kinahitaji umeme wake mwenyewe, na hapo ndipo panapofia. Redio ikikupa kanda vizuri lakini FM inavuma tupu, au unazipata tu stesheni za chini ya 90, fuata waya mmoja mwembamba wa ekspanda mpaka ulipoungwa. Mara nyingi umechomoka. Na wewe unayetumia kile kifaa cha kuchomeka kwenye tundu la sigara kurusha muziki wa simu, kama huna ekspanda kiweke kati ya 88 na 90. Ukikiweka 105 redio yako haitakisikia kamwe.

Eriali nayo usiisahau. Chomoa plagi yake nyuma ya redio, ingiza kwenye tundu la katikati kipande cha waya cha sentimita 75, ambayo ni robo ya wimbi la megahezi 100. Stesheni zikiingia vizuri kuliko mwanzo, eriali yako imeoza, na mara nyingi imeoza pale inapokutana na bodi ya gari.

Taa za vitufe ni balbu ndogo tu, zinabadilishwa. Sidi inayorukaruka kwanza isafishwe lenzi.

Kanda zinataka subira zaidi. Hedi, ile inayosoma kanda, na ule mpira mdogo unaoivuta kanda husafishwa kwa pamba na spiriti, na hapo sauti iliyofifia hurudi kwa namna inayofurahisha. Sauti ikiyumba, mkanda wa mpira ndani ya deki umelegea au umeyeyuka. Wa ami umeyeyuka, umekuwa lami nyeusi kwenye magurudumu yake. Nimeuosha wote, nimepima kwa uzi mduara unaotakiwa, nami naendelea kuutafuta wa saizi hiyo kwa mafundi redio wa Ngamiani. Ana kanda za taarab za Black Star na Lucky Star za hapahapa Tanga, alizozinunua akiwa kijana. Nimemwomba azitoe juu ya dashibodi aziweke ndani ya nyumba, maana jua la kule linakunja plastiki ya kanda, na kanda iliyokunjika itaukwamisha mkanda mpya siku ya kwanza.